Kipele ni Mgeni, Kovu ni Mwenyeji: Maisha ya Mama Brashi, 1951–2025

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi mwashi na mkewe mshona mashuka. Jina alilopewa siku ile lilibaki kwenye vyeti. Mji mzima ulimwita Mama Brashi, naye akalizoea hata siku moja muuguzi alipoita jina la kwenye kadi, alikaa kimya, akisubiri na yeye kumwona mwenye jina. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kusahau. Aliimba vibaya, na aliimba kila siku.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 na kuingia sekondari mwaka 1965. Huko alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete kwa sababu ya urefu wake, na mchoraji wa somo la biolojia kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuweza kuchora hata duara. Siku moja aliagizwa amchore ubaoni chura aliyekuwa kwenye beseni. Chura yule alikuwa amevimba jicho moja, naye akamvimbisha vivyo hivyo.

"Chura ana macho mawili yaliyo sawa," mwalimu alimkosoa.

"Wa kwenye kitabu, mwalimu. Huyu wetu ameumia."

Baba yake alipofariki mwaka 1966, masomo yalikomea kidato cha pili. Kusoma hakukukoma. Alisoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya kufungia sabuni.

Februari 1970 aliajiriwa katika studio ya picha iliyobanwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi. Kazi yake ilikuwa kusafisha sura. Wapo wanaodhani kurekebisha picha kulikuja na simu. Marehemu aliifanya kazi hiyo kwa penseli. Aliilaza filamu juu ya kioo kilichowashiwa taa kwa chini, akainoa penseli kwa msasa hadi ikawa kama sindano, kisha akajaza doa nukta kwa nukta. Kwenye picha iliyokwisha kuchapwa alitumia wino na brashi yenye nywele za kuhesabika. Brashi hiyo ndiyo iliyompa jina.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa na sifa, na sifa zikampanda kichwani. Seremala mmoja aliyefanya kazi mbali na kwao alipiga picha ya kumpelekea mama yake. Kidevuni alikuwa na kovu refu. Marehemu alilifuta kwa ustadi mkubwa hata bosi akawaita wenzake waje waone. Baada ya wiki kadhaa seremala alirudi na bahasha ileile.

"Dada, mama ameirudisha," alisema. "Anasema huyu kijana ni mzuri, Mungu amtunze, lakini yeye alimzaa yule mwenye kovu. Anaomba aletewe huyo."

Kumbe kovu lile mtoto alilipata akiwa na miaka sita, na mama yake ndiye aliyemkimbiza hospitali akiwa amembeba mgongoni, damu ikimtiririka shingoni. Kovu lilikuwa la wote wawili. Marehemu aliichapa picha upya bila malipo, kisha akajiwekea sheria iliyomwongoza miaka yote iliyobaki: "Kipele ni mgeni, kovu ni mwenyeji. Mgeni msindikize. Mwenyeji muache nyumbani kwake."

Mpiga picha wa studio hiyo alikuwa kijana mpole mwenye jino la mbele lililomeguka. Mwaka 1974 alimwekea marehemu picha yake mezani na kumwomba amjazie jino hilo.

"La nini?"

"Kuna binti nataka kumpa."

"Huyo binti hajawahi kukuona?"

"Ananiona kila siku."

"Sasa unamficha nini?"

Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975. Picha ile bado iko ukutani sebuleni, na jino bado limemeguka. Walijaliwa watoto wanne, wakainunua studio, wakaishi kwa utani mpaka baba watoto alipotangulia mwaka 2003.

Familia inajivunia kazi ya mama huyu, na haioni haya kulisema hilo mbele ya kaburi lake. Watu walisafiri kutoka miji mingine wakimletea picha zilizoliwa na mchwa, zilizolowa, zilizochanwa kwa hasira na kujutiwa baadaye. Aliwarudishia wazazi wao. Akiwa na zaidi ya miaka hamsini alikaa kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, akaitazama kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akiwafundisha vijana. Wanafunzi wake watatu wana studio zao leo na wamo katika umati huu. Hakuwahi kusema kwamba kurekebisha picha ni uongo. Alisema ni kama chumvi, na kwamba anayemwaga pakiti nzima asilaumu sufuria.

Kitindamimba wake alipoichukua studio mwaka 2014, alikuja na filta. Ngozi zote zikawa laini, pua zote nyembamba. Wateja wakajaa hadi barazani kwa kinyozi.

"Mama, watu wanataka ngozi kama yai," alimweleza.

"Basi wapige picha mayai. Wewe unaweza kulitambua yai moja kati ya mengine?"

"Mteja ni mfalme, mama."

"Ndiyo, baba. Na mfalme anastahili kufanana na sura yake kwenye noti."

Ugomvi wao ulikuwa wa kudumu na wa kupendeza, kwa sababu wote wawili waliipenda kazi. Wakati fulani alikuja bibi harusi mwenye alama ya kuzaliwa iliyofunika nusu ya shavu. Aliomba iondolewe. Kijana aliiondoa kwa dakika chache. Marehemu hakubishana na binti wa watu; alitengeneza picha ya pili, akamtoa chunusi mbili tu, akazitia picha zote mbili kwenye bahasha. Bibi harusi aliitazama ile laini, akatabasamu, akashukuru.

"Na hii nyingine ya nini, mama?"

"Ya watoto wako, watakapouliza shavu hilo wamelitoa wapi."

Binti alicheka na kuondoka nazo zote mbili. Nani alikuwa sahihi, studio haijaafikiana mpaka leo.

Agosti 2022 marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono ulipona, mguu ukafuata, lakini mdomo ulivutwa upande wa kushoto. Kwa mara ya kwanza alikataa kupigwa picha. "Huyu ni mgeni," alisema akijigusa shavu. "Tumsubiri aondoke." Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akipuliza mashavu na kutamka irabu, na wajukuu waliomwiga walipewa zamu ya kufanya naye. Alipambana kama alivyofanya kila kitu, kwa bidii na kwa kuimba. Mwisho wa mwaka 2023 daktari alimwambia kwamba mdomo ungebaki hivyo. Kesho yake alivaa gauni la bluu, akashika mkongojo, akatembea hadi studio.

"Washa taa," alimwambia mwanawe. "Amekuwa mwenyeji."

Kijana alimpiga picha. Lakini alipoketi kwenye kompyuta roho haikumpa. Alichukua mdomo wa mama yake kutoka picha ya zamani, akaupandikiza, akalainisha, akampelekea. Aliifanya vizuri mno; yeye ndiye mwanafunzi wake bora. Marehemu alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kazi safi sana. Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Huyu nilikuwa mimi. Mimi niko hapa, mdomo upande, nasubiri picha yangu. Mwanangu, siku mkinizika watakuja watu walionijua juzi tu, na wale wajukuu walionikuta hivi. Unataka walie mbele ya mgeni?"

Kijana alifuta machozi, akaifungua picha ya awali. Akaikuza hadi paji la uso, ambapo palikuwa na uvimbe mdogo.

"Na huyu mbu je?"

"Huyo msindikize," mama alisema, na mdomo ule uliovutwa ukacheka.

Tarehe 29 Aprili 2025 alipatwa na kiharusi cha pili, akalazwa. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 74, kifungua mimba wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wanne: muuguzi, fundi umeme, mwalimu na mpiga picha, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Ameacha pia mdogo wake mshona nguo, wanafunzi wake, na kuta nyingi za mji huu zenye nyuso alizozitunza.

Picha iliyo mbele ya programu hii ni ile ya gauni la bluu. Mdomo ni wake, makunyanzi ni yake, na kovu dogo juu ya nyusi ni lake. Kilichofutwa ni mbu peke yake.

Mama Brashi, lala salama kwa sura yako mwenyewe. Amani ya Mungu ikae nawe kama mwenyeji.