Historia ya Maisha ya Mzee Kidevu, Mpiga Picha wa Bustani

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote ambao siku moja mliamriwa mkae vizuri, mfunge midomo na kuinua kidevu kidogo, kidogo tu, hapohapo, familia inawashukuru kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu, kama anavyosema shemeji yangu aliyekaa hapo mbele, sauti yangu imezidi akili yangu, na kwa kuwa leo si siku ya kubishana na mjane, nimekubali.

Marehemu, ambaye mjini kote mlimjua kama Mzee Kidevu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi cherehani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alipotoka hakulia, alifumbua macho, akaitazama taa, akalitazama dirisha, ndipo akaangua kilio, kana kwamba mwanga wa chumba haukumridhisha. Hayo ni maneno ya mama, na mama hadithi zake alizitia chumvi, lakini aliyemjua kaka hatashangaa.

Alianza masomo Januari 1959 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akaingia sekondari, akamaliza tarehe 21 Novemba 1969, akiwa hodari wa kuchora na mnyonge wa hesabu. Siku ya kumaliza aliitwa mpiga picha, akawapanga wahitimu safu nne bila hata kuwaangalia usoni, marehemu akawekwa nyuma ya mwenzake mmoja aliyejaliwa mabega, na picha iliporudi, kilichoonekana cha kaka yangu ni sikio la kushoto. Mama aliitundika ukutani vilevile, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa lile sikio na kuambiwa, kwa fahari kubwa, kwamba mwenye nalo amemaliza shule. Tulimtania mpaka tukachoka wenyewe, naye alicheka pamoja nasi, lakini liliingia moyoni, maana tangu hapo hakuvumilia kuona mhitimu amepotea ndani ya picha yake mwenyewe.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika studio ya picha ya barabara kuu, kwanza kufagia, kisha kusafisha picha katika chumba cha giza, na mwishowe kupiga. Studio ile ilikuwa na kiti kimoja cha mbao, pazia moja jekundu na taa mbili kali, na bosi wake hakutaka mtu acheke, akisema kicheko kinaharibu heshima ya kiti, matokeo yake nusu ya mji huu, wazee wetu waheshimiwa kabisa, wamo ndani ya maalbamu wakionekana kama watu waliokamatwa. Mwaka 1978, umeme ulikatika siku nzima, na mlangoni ilikuwa imesimama familia iliyotoka mbali na binti yao aliyevaa joho la mahafali, mama mtu karibu alie, bosi akawaambia warudi wiki ijayo. Marehemu alibeba kamera, akawavusha barabara mpaka bustani ya mjini, akamkalisha bibi yao kwenye benchi la karibu na bwawa, akasubiri jua lishuke kidogo, akapiga. Picha zilitoka nzuri ajabu, bosi alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kiti chake kiko wapi, na siku iliyofuata kaka yangu hakuwa na kazi.

Kuanzia hapo bustani ikawa ofisi. Ninyi mliopigwa naye mnaujua utaratibu wake, saa sita mchana hakupigi hata umpigie magoti, kwa sababu jua la utosini humchimbia mtu mashimo badala ya macho, bibi hukaa kwanza, wengine humfuata bibi, anayejifanya hapendi picha huwekwa katikati ili asikimbie, na wawili walionuniana hukalishwa bega kwa bega makusudi, kisha yeye hujifanya anahangaika na lenzi mpaka mmoja achoke kununa. Alikuwa akisema familia haipangwi kwa urefu, hupangwa kwa ugomvi. Wahitimu aliwapenda kupita wote, aliwatembeza bustani nzima wakiwa na majoho yao, akiwauliza habari za mtihani, habari za mapenzi, habari za viatu vinavyobana, na uso ukishalegea, ndipo husikia ile amri ya kidevu. Mnaoning'iniza picha hizo sebuleni hadi leo, mkono juu. Haya, shusheni, nimeridhika.

Kuhusu ndoa, marehemu alipata mke kwa njia ya kukanyaga nyasi. Bustani ile ilikuwa na mtunzaji wake, mwanamke kijana wa halmashauri mwenye buti za mpira na ulimi usio na breki, aliyekuwa amepanda nyasi za bwawani kwa mkono wake, na kila jioni alikuta familia nzima imesimama juu ya nyasi hizo ikitabasamu. Alimwonya mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu, na mara ya tatu alifungulia mpira wa maji, akamlowesha marehemu, kamera, pamoja na bwana mmoja aliyekuja kupigwa na wakwe zake. Kaka alirudi nyumbani anachuruzika maji, tukadhani ameibiwa, kumbe amependa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980, picha zikapigiwa palepale bwawani, bibi harusi akiwa amesimama nje kabisa ya nyasi na kuwalazimisha wageni wote wafanye hivyohivyo, na shemeji, ukitaka kunirushia kiatu, ningoje nimalize.

Walijaliwa watoto watatu, binti yao mkubwa tarehe 9 Juni 1982, mwana wao wa pekee wa kiume tarehe 30 Oktoba 1985, na kitinda mimba, binti tena, tarehe 17 Aprili 1991, pamoja na wajukuu sita ambao leo wameambiwa wakae kimya na wamejitahidi kwa kiasi chao. Tangu binti mkubwa alipozaliwa, kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Mei, jioni, nyumba hii ilikwenda kwenye lile benchi kujipiga picha yao wenyewe, marehemu akiitega kamera kwenye stendi yake, kamera inahesabu sekunde kumi, naye anakimbia kuja kukaa, hivyo katika picha zote hizo utamwona amefika sasa hivi, anahema, ametumbulia kamera macho kuhakikisha haimwibii. Hiyo ndiyo mali aliyojivunia. Wengine huhesabu mashamba, yeye alihesabu Mei.

Binti mkubwa aliirithi kazi, akawa anapiga bustanini bega kwa bega na baba yake. Mwana naye aliirithi kazi, ila kwa akili zake, na tarehe 11 Januari 2016 alifungua studio mkabala na lango la bustani, yenye viyoyozi, na kwa kuwa wateja walipenda bustani lakini hawakupenda mvua wala mbu, aliagiza kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani kilichochorwa bustani ileile, bwawa lilelile, benchi lilelile. Jamani, mtu anaipa mgongo bustani ya kweli iliyo ng'ambo ya barabara, anakaa kwenye kiti, anapigwa na bustani ya kitambaa. Marehemu alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuwa mteja wa kwanza, akakisifu kitambaa, akasema kasoro yake ni moja, hakina mtu wa kukurushia maji. Lakini dada mtu hakucheka. Siku ya ufunguzi, mbele za watu, alimwambia mdogo wake kwamba amemzika baba yao akiwa hai na kumfunika kitambaa, mdogo naye akajibu kwamba dada anagandia bustani kwa sababu hawezi kitu kingine, na maneno hayo mawili yakatosha. Hawakusalimiana tena. Mei ile binti alikataa kukaa benchi moja na mdogo wake, mdogo akasema vema, hata yeye hakuwa na mpango huo, na ile picha ya kila mwaka ikakoma.

Wapo majirani walioonja uchungu wa kuingilia kati, wakakumbuka wakiwa wamechelewa kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Marehemu mwenyewe alijaribu, aliwaita mezani, aliwatuma wajomba, alinituma mimi nikaharibu zaidi. Alikuwa ameshawakalisha pamoja mahasimu wa mji mzima, wakwe, watalaka, ndugu wa kesi za viwanja, lakini wanawe wawili walimshinda, naye akawa anasema mwenyewe kwamba mganga hajigangi, anasema huku anacheka, ila shemeji yangu, aliyekuwa akilala upande wa pili wa kitanda, alijua kwamba kicheko kile hakikufika mbali. Kila Mei jioni ile alikwenda bwawani peke yake, akakaa kwenye benchi, akarudi.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Agosti 2021, akatibiwa katika hospitali ya wilaya, baadaye ya mkoa, miguu ikaanza kuvimba na pumzi kukata, na Aprili 2023 daktari alitueleza kwa upole kwamba tumefanya tulichoweza. Aliporudi nyumbani hakuomba chakula cha pekee wala hakuanza kugawa vitu, alisema anataka picha yake ya Mei, kabla hajafumba macho, na anataka wote wawemo. Na kwa kuwa kubembeleza kulishashindikana, akaamua kutumia ujanja wa kazi. Alimpigia simu binti mkubwa, akamwambia kuna familia moja ngumu inataka kupigwa Jumapili jioni, yeye hana nguvu, aje amshikie kamera. Akampigia mwana, akamwambia kuna familia moja ngumu inataka kupigwa Jumapili jioni, yeye hawezi kutembea, aje amwendeshe na kumshikia ile kadibodi nyeupe ya kurudishia mwanga. Siri ilijulikana na mama yao na kitinda mimba tu, mimi sikuambiwa, kwa sababu zinazoeleweka.

Jumapili tarehe 7 Mei 2023 wakakutana bwawani, mmoja ana stendi, mwingine ana kadibodi, wakauliza wateja wako wapi, baba yao akawaambia wateja ndio nyinyi, kaeni. Hakuna aliyethubutu kumwachia mgonjwa benchi akaondoka. Wakakaa, huyu mwanzo wa benchi, yule mwisho, mama na mdogo wao katikati, wote wametazama maji. Binti akasema basi atapiga yeye, akakataliwa, kwani angekosekana, mwana akataka kumwita mpita njia, akakataliwa, marehemu alisema picha hii tangu mwanzo anaitega yeye. Akaitega. Akaipa sekunde kumi kama miaka yote, kwa mazoea, bila kukumbuka kwamba miguu iliyozoea kuzikimbia sekunde zile haikuwa ile aliyokuja nayo siku hiyo, akageuka, akaanza kuja, na katikati ya njia magoti yakamwishia nguvu.

Wale wawili waliruka kwa pamoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyekumbuka kwamba wamenuniana miaka saba, dada alimdaka kwapa la kushoto, mwana akamdaka mkanda wa suruali upande wa kulia, vichwa vyao vikagongana kwa mlio ambao shemeji anaapa aliusikia kutoka kwenye benchi, na hapohapo kamera ikalia. Walikaa chini kwenye nyasi, nyasi zile zilizokatazwa, wanashika mapaji ya uso, na aliyeanza kucheka ni marehemu, hana pumzi, anacheka, dada akamfuata, kisha mwana, mpaka kicheko cha dada kikageuka kilio, na mdogo wake akamshika mkono, akamwomba radhi, akaombwa radhi. Walipotulia wakataka warudie, wakae sawasawa, baba akatoa betri ya kamera, akaitia mfukoni, akasema kazi imekwisha.

Kuanzia jioni ile mpaka mwisho walimuuguza kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia, wakipeana vyombo na habari mlangoni. Marehemu alifariki dunia Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023, alfajiri, katika hospitali ya mkoa, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, wanawe wote watatu wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi aliyekubali kuinua kidevu, majirani kwa viti, maji na mabega, watunzaji wa bustani waliokuja na buti zao, na wapiga picha wenzake mlioziweka kamera chini kutwa nzima leo, jambo ambalo yeye angewagombeza. Nimesikia minong'ono kwamba picha tuliyoiweka pale mbele haifai, imepinda, mama ameachama, watoto wameinama, na marehemu mwenyewe anaonekana ubavu. Ni kweli, kasoro zote zimo. Lakini katika picha zake zote za Mei kaka yangu anaitazama kamera, na katika hii moja tu, anawatazama wanawe.

Kaka, hakuna tena anayehesabu, benchi limejaa, pumzika kwa amani.