Historia ya Nesi Anande Nanyaro, Aliyetuhesabia Mapigo ya Moyo

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zake wa Elerai alikoishi, na ninyi nyote mliopanda hadi huku Poli na matope haya, poleni na asanteni, mimi naitwa Richard Sifael Nanyaro, mdogo wake marehemu, na familia imenipa heshima ya kusoma, kwa sharti kwamba nikichoka nikae.

Dada yetu Anande alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 hapa hapa Poli, mtoto wa kwanza kati ya sita wa Mzee Sifael na Mama Anna, akabatizwa mwaka huo huo, na mama alizoea kusema kwamba alianza kuamrisha watu kabla hajaota meno.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi mkoani Kilimanjaro, akahitimu mwaka 1979, na kila likizo alitupanga foleni sisi wadogo zake, akatushika viganja na kutuhesabia mapigo, huku mbuzi wakisubiri malisho.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1980 katika hospitali moja mjini Arusha, na kuanzia mwaka 1983 akapangiwa kliniki ya presha na moyo, akakaa hapo hadi anastaafu mwezi Juni 2017, na kwa miaka hiyo yote hakuna mgonjwa aliyeweza kumdanganya kwamba amemeza dawa, kwa maana alikuwa anafika nyumbani kwako, anasalimia vizuri, anaomba kuona vidonge, anavihesabu, halafu anaingia jikoni kuonja mboga kama ina chumvi.

Kuhusu ndoa, naomba mumewe, Mwalimu Ephraimu Kaaya, anisamehe, lakini ni yeye aliyeniruhusu kulisema. Mwaka 1985 Mwalimu alikuja kliniki kupima tu, akapimwa na dada Anande, presha ikawa juu, akapewa dawa, mwezi uliofuata ikawa juu zaidi, akaongezewa ya pili, na mwezi wa tatu akaanguka darasani mbele ya kidato cha pili, akiwa ameshika chaki. Alipoletwa hospitali akapimwa na nesi wa kiume, presha ikaonekana imeshuka mno, akapumzishwa, akapimwa tena ikawa nzuri, ndipo akaingia dada Anande kuhakikisha, na mshale ukapanda. Daktari alifuta dawa zote na kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa huyu asipimwe tena na Nesi Anande, na dada alipolisoma faili alimfuata Mwalimu nje, akamwambia, "Mwalimu, moyo wako ni mzima, una jambo unalotaka kusema, basi kaliseme kwa baba yangu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Naisula na Godbless, na wajukuu wanne.

Sasa naomba mniruhusu nitoke kidogo kwenye karatasi. Mwaka 2010 mimi niliambiwa moyo wangu umechoka kwa sababu ya presha niliyoipuuza, nikapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, ambavyo vinakupeleka chooni kila baada ya muda mfupi, na mimi nilikuwa nauza mitumba soko la Kilombero pale Arusha mjini, choo kiko mbali na mteja hasubiri, kwa hiyo nikawa simezi vile vidonge, na dada akiuliza namwambia nameza. Ijumaa ya tarehe 17 Juni 2011 ilikuwa sherehe ya kumuaga binti yangu, miguu imevimba, nimeazima viatu vya namba arobaini na sita, nimekaa meza kuu natabasamu na wakwe, ndipo dada akaja kana kwamba ananipongeza, akainama, akapandisha suruali yangu mbele ya wakwe, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Akauliza usiku nalala na mito mingapi, nikasema minne, akauliza tangu lini, nikashusha suruali yangu. Hakusubiri keki, alimwita Mwalimu alete gari, nikafika hospitali nikiwa na ua kifuani, na daktari alisema maji yalikuwa yameshafika kwenye mapafu, siku mbili tatu zaidi wangenizika. Binti yangu alikasirika mwaka mzima. Mimi niko hapa nasoma.

Mwezi Agosti 2019 dada mwenyewe aligundulika mapigo yake hayana mpangilio, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na ile ya kutuliza mapigo, na nasema kwa upendo kwamba hajawahi kutokea mgonjwa msumbufu kama yeye, aliwasahihisha madaktari mwandiko, na mchungaji alipokuja kumwombea aliulizwa kwanza kama amepima presha.

Tarehe 3 Machi 2025 alizidiwa, akalazwa. Jioni ya tarehe 12 alikuja nesi kijana aitwaye Princess, akamshika kiganja sekunde chache, akataka kumpa kidonge cha mapigo, dada akafumbua macho, akasema, "Mwanangu, hesabu dakika nzima." Binti akaweka kipimo kifuani, akahesabu, akapata hamsini na mbili, machache mno kwa kidonge kile, akarudisha kidonge kwenye trei na kwenda kumwita daktari. Dada alitutazama, akasema, "Huyu ni nesi," akalala, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 13 Machi 2025 akatwaliwa, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na kwa namna ya pekee Nesi Princess, aliyeomba ruhusa kazini ili awe nasi leo, tunawashukuru majirani wa Elerai waliopika siku tano, wafanyakazi wenzake wa zamani, na usharika wote. Kwa wagonjwa wake, ambao nawaona ni wengi kuliko ndugu, saa nane imefika, mwenye dawa ya mchana ameze, maji yako kwa akina mama pale kwenye turubai.

Dada yetu Anande, umefanya kazi, pumzika sasa kwa amani.