Paskalina Yiamat, Aliyeogopwa na Madereva Wazee

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Paskalina Yiamat anastaafu, baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu hapa Arusha kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa maktaba ameniomba mimi, Eliya Nnko, niandike wasifu wake kwa sababu ndimi ninayepokea dawati lake. Amesisitiza niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila wanaonijua wanajua kwamba mwezi huu mzima sina raha, na sababu yake ni huyu huyu tunayemuaga.

Mama Paskalina, kama tunavyomwita, aliajiriwa kupanga vitabu. Kilichombadilisha ni wanafunzi wa mipango miji. Kila mwaka walikuja kuomba vitabu na nyaraka kuhusu historia ya usafiri wa umma mjini, na kila mwaka katalogi iliwapa vitabu vya Nairobi, vya Dar es Salaam na kimoja kinene cha London. Kuhusu Arusha hapakuwa na kitu. Mama Paskalina akachoka kuwaambia vijana hakuna. Akaanza kuulizia mitaani, akagundua kwamba historia hiyo ipo, ila imelala uvunguni mwa vitanda, kwenye masanduku ya bati ya madereva na makondakta wastaafu. Huko alikuta picha za mabasi, vishina vya tiketi, ratiba zilizoliwa na mende, kofia za kazi. Wenyewe nao aliwaketisha wakasimulia, akawarekodi. Leo mtafiti akija anakuta makabati matatu na mwongozo wa kuyatumia, na vyote ni jasho lake.

Tatizo lilikuwa umri. Mtu aliyefanya kazi kwenye basi la mjini miaka ya sabini si kijana. Mzee Abasi wa Kaloleni, kondakta, alisimulia karibu wiki nzima, akamkabidhi sanduku lake, na kabla mwezi haujaisha akafariki. Mzee Hans wa Sakina akafuata kwa mtindo huo huo. Wa tatu alikuwa na afya kuliko mimi, naye akaondoka mara tu baada ya Pasaka. Maneno yakaanza. Mafundi magari wa Sakina wakimwona anashuka na kikapu chake waliambiana, "Mama wa maktaba huyo, tafuteni turubai la msiba." Alipoacha kikapu akabeba mkoba, mkoba nao ukapewa sifa ile ile.

Ofisini tulimtania sana, naye akacheka pamoja nasi. Lakini niliyekuwa nikimsindikiza niliona anavyosimama getini kwa watu na kufanya ishara ya msalaba kabla ya kubisha hodi. Aliwahi kuniambia bila mzaha kwamba anajua fika kinachowachukua wazee ni uzee, ila ameanza kuuogopa mguu wake mwenyewe.

Kuna safari ya Nduruma ambayo bado inasimuliwa kwenye chai ya saa nne. Mke wa fundi mmoja wa zamani alitupokea vizuri, akasema mume wake amesafiri kwenda Mombasa. Wakati anasema hivyo, viatu vya mpira vya mume vilionekana wazi chini ya migomba, na vilikuwa na miguu ndani. Mama Paskalina aliacha kilo mbili za sukari, akaelekeza salamu upande wa migomba, tukaondoka. Tulicheka njia nzima. Mzee yule alifariki mwezi huo huo bila kumsimulia mtu yeyote jambo lolote, na baada ya matanga watoto wake wakachoma vyote vilivyokuwa sandukuni mwake pamoja na takataka za shamba. Siku tulipopata habari hiyo Mama Paskalina alifunga ofisi mapema.

Sasa nifike kwangu. Baba yangu, Mzee Ephraimu Nnko wa Maji ya Chai, ndiye dereva pekee aliyebaki kati ya wale wa mabasi ya mjini ya wakati huo. Mama Paskalina alilijua hilo kwa miaka mingi. Hakuwahi kumsumbua, kwa sababu baba alishatamka mbele ya ukoo kwamba mama yule akivuka geti lake, tumwandalie jeneza kabisa. Akipita njia hiyo alimpa shikamoo kutoka barabarani na kuendelea na safari. Nami, niseme ukweli, nilishukuru.

Kilichovunja mwiko ni hasira. Mwezi uliopita binti yangu Blessing, anayesoma hapa chuoni, alikuwa akisoma kwa sauti ripoti ya mwenzake, iliyosema kwamba kabla ya vifodi, yale magari madogo ya abiria, Arusha haikuwa na usafiri wa umma wa kueleweka. Baba aliweka kikombe chini. "Na mimi nilikuwa naendesha nini, punda?" Kesho yake akaagiza Mama Paskalina aitwe, tena aje na kinasa sauti chake.

Dada yangu Agnela alipanda gari kutoka Moshi kuja kuzuia, akachelewa. Mwinjilisti alikuja kuomba kabla ya kazi kuanza. Baba alisimulia alasiri tatu, mikono ikizungusha usukani usiokuwepo, akitaja kila kituo na kila aliyekuwa akikimbilia basi akiwa na kifungua kinywa mkononi. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile. Mama Paskalina ndiye aliyetoka nje mara mbili kunawa uso bombani, na kazi ilipokwisha alimshika baba mkono akakataa kusema kwaheri. Alisema tu, "Tutaonana, mzee."

Juni, kama mjuavyo, baridi ya Meru haina adabu. Siku ya pili baada ya kazi ile baba alianza kukohoa. Daktari anasema ni mafua. Nakubali kwamba ni mafua, na bado kila alfajiri nasimama nje ya dirisha lake nikisikiliza. Jana alikula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi, bakuli zima na kudai mtindi zaidi, nikapumua. Nikimpoteza nimempoteza baba, na hakuna nyumba ya mzee yeyote itakayotufungulia mlango tena.

Mama Paskalina, asante kwa makabati, kwa kinasa sauti unachoniachia, na kwa kubisha hodi mahali ambapo hukutakiwa. Tunakuombea mapumziko yenye afya, mvua za kutosha shambani kwako, na uingie nyumba za watu ukaribishwe chai bila mtu kukutazama mkoba. Maisha yako ya mbele yawe mema.

Programu ya sherehe ya kumuaga, yenye wasifu huu, inakwenda kwa mchapaji leo Jumatano, na sherehe ni Ijumaa. Baba ameomba kiti cha mstari wa mbele, cha kwanza kulia, ili makondakta na mafundi wa zamani walioalikwa wamwone na waache kujificha. Suti ameshaitoa kabatini. Mimi naogopa baridi, naogopa kifua chake, naogopa hata kuandika sentensi hii. Wewe unayeisoma sasa ukumbini, inua macho unitazamie kama kile kiti kina mtu.