Siku Binti Yangu Alipoacha Kunitafsiria

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Kabla ya yote niwataje wahusika: wazee watano wa baraza la kanisa letu hapa Berea, na mimi, katibu wao. Tulimfungia binti yangu Aline katika chumba cha maombi siku tatu bila chakula, eti pepo amtoke, kwa sababu alikiri kuwa anawapenda wanawake wenzake. Mzee mmoja aliniinamia: "Mzee Katibu, andika kwenye kumbukumbu kwamba aliingia 'kwa hiari yake.'" Nikaandika. Ulikuwa uongo, na leo nausahihisha. Nilikuwa karani wa tarafa kule Burundi hadi kustaafu, najua uzito wa maandishi ya uongo, sina kisingizio.

Baadaye Aline alijaribu kujiua. Mungu akamwacha hai! Hospitali ikampeleka kwa mwanasaikolojia huko Randburg, naye akaomba nifike.

Ndugu zangu, Kiingereza changu ni cha salamu tu. Tangu tutoke Burundi tuingie nchi hii, Aline ndiye mkalimani wangu, uhamiaji, benki, kila mahali. Nikaketi, nikamwambia, "Haya mwanangu, nitafsirie."

Mwanasaikolojia akakataa. Alikwisha kumwita mama mmoja Mkongomani wa kufanya kazi hiyo. "Leo huyu ni mtoto wako," alisema kupitia kwake. "Hatabeba maneno ya mtu."

Aline akazungumza akitazama dirisha. Mama yule hakupunguza neno: "Anasema, 'Nilisikia sauti yako nje ya mlango, Papa. Nilijua ufunguo unao wewe. Miaka yote maafisa walikutukana, Papa, nami nilikutafsiria kwamba wanasema urudi kesho.'"

Mtoto alinikinga na matusi ya nchi nzima! Mimi sikumkinga na watu watano.

Tuliendelea kukutana kila wiki, miezi mingi. Nomsa, mwenzi wa Aline, naye alikuja. Siku moja alinisogezea boksi la tishu, mama yule akitafsiri: "Eish, baba, umemaliza za wagonjwa wote." Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nilicheka. Huko ndiko nilikofunguliwa. Pepo hakuwa ndani ya Aline. Hofu ya macho ya watu ndiyo iliyonitawala mimi.

Lakini nisiwadanganye. Aline hali tena chakula mezani kwangu. Nikimpigia simu hunijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anavyowajibu maafisa. Usiku na mchana namlilia Mungu, na sijui kama atarudi.

Mzazi mwenye mtoto kama wangu, mtumaini Bwana, na uende kwa wanasaikolojia hao ukasikilize kabla hujashika ufunguo.

Na sasa, mbele ya kusanyiko hili, nadai rasmi: kila mzee aliyeshika zamu kwenye mlango ule asimame Jumapili ijayo, ataje jina lake, aeleze alipewa mamlaka na nani. Jibu liandikwe, litiwe sahihi, lipelekwe kwa Aline mwenyewe. La kwangu amekwisha kulipokea.