Shingo Isiyoinama Mtungini

Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa pili tangu turudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nilimpoteza mume wangu kwenye mteremko wa hapa Giteranyi. Yeye aliendesha baiskeli, mimi nilikaa nyuma. Breki zilikatika. Alifia palepale. Mimi nilivunjika mfupa wa shingo.

Wajane wenzangu, kifo chake mnakijua. Hili la shingo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Nilipelekwa hospitali ya Muyinga mjini, kisha ya Gitega. Huko nikavishwa minerve, ile kola ngumu inayoshika kidevu na kisogo. Daktari alisema, "Mama, ukiivua kabla hatujakuruhusu, unaweza usisimame tena." Mume wangu alizikwa mimi nikiwa kitandani huko.

Nilirudi siku ya kuondoa matanga. Ndugu zangu, macho yale! Sikuweza kugeuka ila kwa mwili mzima. Kila aliyenong'ona alinong'ona ubavuni, nisikoweza kuona. Nikawaza: wanazungumzia shamba. Shamba la mume wangu wakwe ndio waliolilima miaka yote tuliyokuwa kambini, na sasa mwenyewe yuko udongoni.

Mtungi wa pombe ya mtama ukawekwa chini na mirija yake. Desturi yetu mnaijua: mjane asipokunywa mtungi mmoja na wakwe, amewaita wachawi. Wifi yangu akaniashiria. Nikajaribu kuinama. Kola ikanikaba, ganzi ikateremka mkononi. Nikabaki wima.

"Muoneni," wifi akasema. "Amerudi na shingo ya Tanzania. Haiinamii watu wa hapa."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. "We, toa hiyo kitu unywe. Ama unaogopa sumu? Nani anajua kama uko mgonjwa kweli? Kaka yangu iko kaburini, we unarudi na mkufu!"

Nawaambia kweli: sumu niliiogopa. Niliutazama mtungi nikajiuliza nani aliyeipika pombe ile. Lakini nilijua pia kwamba nisipokunywa, nyumba ile si yangu tena. Mkono ukaenda kwenye mkanda wa kola. Nikaanza kuufungua.

Mama mkwe akaushika mkono wangu. Akaingiza kidole chini ya kola, akakitoa kina damu na majimaji, maana ngozi ya kidevu ilikuwa imechubuka. Akawaonyesha wote kidole kile. Kisha akauinua mtungi, akaupakata mpaka mrija ukafika mdomoni mwangu. Akavuta yeye kwanza.

"Sasa wewe, mwanangu."

Nikanywa. Siwadanganyi, shaka haikunitoka. Nilikunywa nayo hivyohivyo.

Namshukuru yeye. Namshukuru na mpita njia aliyekibana kichwa changu kwa magoti yake barabarani siku ya ajali, akawakataza watu kunivuta mikono hadi machela ilipokuja. Mkimkuta aliyeanguka, fanyeni kama yeye. Na mtu akikaa wima mahali pa kuinama, muulizeni kwanza panapomuuma.

Minerve waliivua Gitega, mama mkwe akiwa nami. Tuliporudi hatukuingia nyumbani kwanza, tulikwenda kaburini. Wifi alikuwapo, aking'oa majani. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. Aliitazama shingo yangu kwa muda mrefu, halafu akasogea kidogo kunipa nafasi.