Mwalimu Emerensiana na Vyerehani vya Wahitimu Wake

Baba paroko, wazee wetu, majirani wa Nsemulwa, na nyie mliotoka Litapunga na Katumba, mimi Damiano, mtoto wake wa kwanza, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Emerensiana.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 kijijini Mamba, Mpimbwe, akiwa mtoto wa nne wa wakulima wa mpunga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1944, kisha akajifunza ushonaji kwa masista huko Karema kwa miaka miwili. Tarehe 16 Agosti 1952 alifunga ndoa na baba yetu, mzee Telesphor, fundi wa reli katika stesheni ya Mpanda, wakajaliwa watoto watano, wanne tuko hapa, na mmoja alitangulia mwaka 1961 akiwa mchanga.

Kuanzia Januari 1970 alifundisha ushonaji katika kituo cha ufundi cha parokia, Majengo. Mwaka 1972 kituo kilipata vyerehani sita, akawapa wahitimu sita, kila mmoja chake, akaamini kazi imekwisha. Mwaka uliofuata aliwatembelea kwa baiskeli, akakuta vinne havipo, viwili vimeuzwa na waume, kimoja kimechukuliwa na wakwe, na kimoja kiko kwa shemeji, anakishonea yeye, na mhitimu mwenyewe analima. Alirudi akasema kosa ni lake, kwa sababu alikuwa amefundisha kushona tu.

Tangu hapo kila cherehani kilitolewa kwa wahitimu watatu wa nyumba tofauti, kwa hati yenye majina yao, ili asiwepo mume wala mkwe wa kudai kuwa ni mali ya nyumba yake. Wanaume wa Litapunga walicheka, wakasema cherehani kimeoa wake watatu na mahari hakijatoa, naye akawajibu kwamba angalau hicho kinawalisha wote watatu. Hadi mwaka huu alikuwa ametoa vyerehani kumi na kimoja kwa utaratibu huo, na kila kiangazi alivizungukia kimoja kimoja.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Novemba 1976. Februari mwaka huu, 1977, mume wa Marsela, mhitimu wa Litapunga, alifariki, na ndugu wa mume wakabeba cherehani pamoja na vyombo vya ndani, ingawa kilikuwa pia cha wenzake wawili, Getrude na Vénérande. Wote watatu walifungua kesi, na mama akawa shahidi wao. Kesi ilipangwa tarehe 14 Juni, wakati daktari wa hapa Mpanda alikuwa amemwandikia apande treni ya tarehe 13 kwenda Tabora kupasuliwa.

Baba alimwambia, "Mama Damiano, kile ni chuma tu, panda treni." Mama akamjibu, "Nikipanda, nani atasema kwamba niliwapa watatu? Hao ndugu wa mume wakishinda hiki, watavifuata na vingine."

Kesi iliahirishwa mara mbili, ikasikilizwa tarehe 19 Julai. Mzee wa baraza alimuuliza kwa nini mali ya watu watatu ilale kwa mmoja, akajibu kwamba ngoma ya kwaya nayo hulala kwa mwalimu wa kwaya, na akifa haigawiwi wanawe. Cherehani kilirudishwa siku hiyo hiyo, naye akapanda treni ya tarehe 21, akapasuliwa tarehe 26, ikaonekana ugonjwa umeshasambaa. Daktari alituambia bila kuficha kwamba wiki tano zile huenda zilikuwa na maana, na huenda hazikuwa nayo. Alifariki nyumbani hapa Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1977, saa nne asubuhi.

Sisi watoto tulimlaumu kwa kusubiri, na yeye alilijua hilo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda na Tabora, majirani waliotuchotea maji na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa kituo, na wafanyakazi wa reli waliomlaza vizuri safari zote mbili.

Wasichana tisa wanamaliza mafunzo mwezi Desemba, vyerehani vitatu viko stoo, na hati zake hazijaandikwa majina. Baba ameniomba niwatangazie kwamba atakaa na mwalimu yeyote mtakayemteua, waandike majina matatu kwa kila hati, na kwamba kiangazi kijacho atavizungukia yeye mwenyewe.

Mama, umefanya kazi ya kutosha, pumzika kwa amani.