Gari Hukabidhiwa kwa Kutajwa Ubovu Wake

Laki mbili na nusu, kifungua mimba wangu, umempa fundi laki mbili na nusu aliue gari la baba yako, halafu unaniambia nipunguze sauti? Sipunguzi. Mwambie fundi wako kwamba waya wa pampu ya mafuta nimeupata kabla chai yangu haijapoa. Kaukata, kauvika solotepu mpya katikati ya nyaya zenye vumbi la miaka kumi, akidhani atamficha mtu aliyejifunza ufundi bila mwalimu, kwa kulala chini ya magari ya watu. Nimeuunga. Gari limenguruma. Kisha nimelizima mwenyewe. Kaeni chini nyote wawili, wanangu, msikie kwa nini nimelizima, maana nitasema mara moja, na kuna siku hata hiyo moja sitaiweza.

Nimeendesha malori miaka thelathini na minane na sijakwaruza hata mbuzi. Kule bohari, sisi madereva tulikuwa na sheria yetu isiyoandikwa popote: humpi mwenzako ufunguo kabla hujasimama naye penye gurudumu la mbele ukamtajia ubovu wote, breki inavutia kushoto, taa ya nyuma inazima ukipita kwenye shimo, naye anayarudia maneno yako, ndipo anapokea. Mmoja alinificha breki. Sikumsemesha miaka tisa, na mazishini kwake nilikaa nyuma kabisa.

Nanyi mmenificha. Lakini mimi nilianza kuficha kabla yenu, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne ile nilipochelewa kumleta mjukuu kutoka shule, niliwaambia foleni. Hapakuwa na foleni. Nilimpeleka bohari. Nilisimama nikipiga honi, nikimtukana mlinzi kwa uvivu, na mlinzi yule nilimzika kwa mikono hii, na bohari siku hizi ni duka. Mtoto wa miaka saba akanigusa mkono, "Babu, hapa wanauza magodoro. Twende, nitakuonyesha nyumbani." Akanionyesha. "Kata pale kwa muuza matairi, Babu. Sasa polepole." Dereva mzima mimi, nikaongozwa na mtu ambaye miguu yake haifiki sakafuni. Kupotea hakukunitisha. Kilichonitisha ni taa mbili za barabarani tulizozipita, ambazo hadi leo sijui zilikuwa nyekundu au kijani.

Daktari amelitaja jina la ugonjwa, nanyi mnalinong'ona jikoni kama tusi. Semeni kwa sauti. Kumbukumbu inanitoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na cha kwangu kingemuumbua mtoto wa watu anayevuka barabara na begi lake la shule.

Basi leo najikabidhi. Jua likianza kushuka mimi si mtu wa safari, nisafirisheni asubuhi. Msiniache peke yangu garini hata mkienda kununua mkate tu, na milango ifungwe kabla hatujaondoka, hata nikiwatukana, na nitawatukana. Stendi mnishike mkono. Nikiingia chooni mmoja asubiri mlangoni. Namba zenu za simu zishoneni ndani ya koti langu la kazi, maana hilo sitoki bila kulivaa. Na nikisema nakwenda bohari, msibishane nami. Niambieni zamu yangu imekwisha, mzigo umefika salama.

Rudia, kifungua mimba. Usitazame chini, rudia.

Vizuri.

Gari ni la kitinda mimba. Yeye ndiye aliyenitazama usoni akasema, "Baba, siku hizi unatisha barabarani," nikamfukuza mezani na chakula chake hakijaisha. Uniwie radhi, mama. Ulikuwa mkweli, na mimi nilikulea uwe hivyo, kisha nikakuadhibu kwa kazi yangu mwenyewe. Breki nzima. Kioo cha kulia kimelegea. Gia ya pili haitaki haraka. Rudia nawe.

Na watu wakiuliza, jibuni kwamba baba yenu hakunyang'anywa ufunguo. Aliutoa mwenyewe, rekodi yake safi.

Nipeni maji. Nilikuwa nawaambia ile... ile ya nyuma, inayozima ukipita kwenye shimo. Nimeshaitaja? Haya. Mungu awape macho ya mbele na ya nyuma, na asiwakutanishe na mtu anayeficha ubovu wake. Mkirudi salama kila siku, radhi yangu mnayo.

Ufunguo huo hapo mezani. Laki mbili na nusu nimesamehe. Safari sijasamehe. Niliwabeba shule, hospitali, harusini, na sikumwomba mtu hela ya mafuta. Kila Jumamosi asubuhi, kiti cha mbele, mkanda mnifunge ninyi.

Leo siku gani?

Basi ni kesho. Saa mbili kamili nitakuwa nimevaa koti. Nawadai.